Umri wa Jiliwa

Malindi ulikuwa mji wa chuma kabla ya kuwa mji wa hoteli za ufukweni. Al-Idrisi, aliyekamilisha kitabu chake cha jiografia mwaka 1154, aliutaja kwa machimbo yake ya chuma, akaeleza kuwa hiyo ndiyo biashara iliyowapa wenyeji faida kubwa. Ndiyo maana naona haki kuandika tarehe ya pwani hii kutoka kwenye meza ya karakana, kwenye jiliwa, ambalo vijana wa jua kali huliita vaisi.

Wahunzi wa kale walishika chuma cha moto kwa koleo, wakakilaza juu ya fuawe. Fundi wa jahazi alikanyaga ubao kwa unyayo, akachonga kwa tezo, akatoboa kwa keke. Jiliwa lililetwa na mashine. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, na baadaye mashamba ya mkonge ya Vipingo na Kilifi yakawa na mitambo ya kukwangua katani, yenye visu, mihimili na parafujo za kukatika kila mara. Hori la Kilifi lilivukwa kwa feri hadi daraja lilipofunguliwa mwaka 1991. Kwa hiyo, badala ya kungoja kivuko, kipuri kilichovunjika kilibanwa kwenye jiliwa, kikapigwa tupa papo hapo.

Umri wake husomwa mwilini. Katika karakana moja ya Malindi nilisugua jiliwa lililojaa grisi na rangi za matabaka, kwa brashi ya waya na mafuta ya taa. Ikatokea RECORD, kisha No. 3, kisha MADE IN ENGLAND, na kwenye kona iliyofichika mabaki ya rangi ya buluu ya kiwandani. Hilo ni la ndugu Hampton wa Sheffield, walioanza kazi mwaka 1898 na kulisajili jina la Record mwaka 1909. Namba 3 ni ya taya za inchi 4. Mwaka 1972 kampuni yao iliungana na Ridgway, hivyo jiliwa lenye jina la Hampton kwa kawaida limetangulia muungano huo. Likiwa na neno Ridgway, ni la baadaye.

Jina la nchi nalo ni shahidi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1887 ndiyo iliyozoesha bidhaa za kigeni kuandikwa zilikotoka. Jiliwa lililoandikwa West Germany halikutengenezwa kabla ya 1949, na haliwezi kuwa la baada ya kuungana kwa Ujerumani mwaka 1990 isipokuwa kwa masalio ya kiwandani.

Umbo, kwa upande wake, hudanganya. Jiliwa la mhunzi lenye mguu mrefu unaofika sakafuni ni mtindo wa kale, lakini lilitengenezwa hadi karne ya 20, na mtu akilikadiria umri wa miaka 150 kwa kuutazama mguu tu amekosea. Taya pia hubadilishwa, na mpini mara nyingi ni kipande cha bomba. Mimi huamini mwili kuliko viungo vyake. Tazama pia nyufa: chuma cha kusubu hakipindi, hupasuka. Mshono wa shaba ubavuni ni ushahidi kuwa fundi aliyetutangulia aliona kifaa hicho kinastahili kuokolewa.

Hatari kubwa leo ni mizani ya chuma chakavu. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku biashara ya chuma hicho Januari 2022 kwa sababu ya wizi wa nyaya na nguzo za umeme, kisha ikairuhusu tena mwaka huohuo. Jiliwa zito hulipwa kwa kilo tu, na tarehe yake huyeyuka pamoja nalo. Wewe uliyerithi moja Gongoni, Takaungu au Mtwapa, lisugue kwanza, usome maandishi yake, uyanakili daftarini pamoja na jina la mzee aliyelitumia na kazi aliyofanyia.