"Vetting" ilianza na farasi

Mtajie kijana wa Garissa neno "vetting". Hafikirii majaji wala mawaziri wakihojiwa bungeni. Anafikiria kitambulisho: kikao cha wazee na maafisa, vyeti vya baba na babu, maswali ya ukoo, kisha kusubiri.

Asili ya neno hili inachekesha na kuuma. Limetokana na "vet", ufupisho wa jina la Kiingereza la daktari wa mifugo, ambalo mzizi wake ni Kilatini, veterinae, yaani wanyama wa kubeba mizigo. Mwingereza alikuwa akimpeleka farasi kwa daktari akaguliwe kama ni mzima. Baadaye neno likahamia kwa binadamu. Garissa, mji wenye soko kubwa la mifugo, maana zote mbili ni majirani: ngamia anakaguliwa na daktari, mwenye ngamia anakaguliwa na kamati. Nionavyo mimi, ngamia humaliza mapema.

Kabla yake lilitangulia "screening". "Screen" ni pazia la kukinga, tena ni chekeche. Maana ya chekeche ndiyo iliyofika huku. Mwaka 1989 serikali iliwachekecha Wakenya Wasomali, hata wenye vitambulisho, na waliopita wakapewa kadi ya rangi ya waridi. Siku hizi hospitalini neno hilo hilo ni kupimwa saratani au kisukari. Ukimwita mzee wa miaka sabini kwenye "screening", mweleze kwanza ni ipi.

"Shifta" nalo limo katika kamusi za Kiingereza, ingawa ni la Uhabeshi. Kwao shifta ni jambazi, lakini pia ni mtu aliyemwasi mtawala akaingia porini. Tewodros wa Pili, aliyetawazwa mfalme mwaka 1855, alianzia huko. Serikali ya Kenya ilipowaita hivyo wapiganaji wa NFD waliotaka kujiunga na Somalia, kati ya 1963 na 1967, ilibaki maana ya ujambazi tu, na hata mchunga mbuzi akabandikwa.

Sisi Waislamu wa Pwani tumeionja hiyo vetting pia: jina lenye "bin" likisomwa dirishani, unatakiwa cheti cha babu.

Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitangaza kuondoa vetting hiyo ya ziada kwa wakazi wa kaunti za mpakani. Kwa agizo hilo, kijana wa Garissa anafaa kupanga foleni sawa na ile ya kijana wa Nyeri.