Chotara wa Saluki
Chotara wa saluki ni mbwa aliyechanganya damu ya saluki, mbwa wa mbio wa Uarabuni anayewinda kwa macho, na ya mbwa wa aina nyingine. Ana miguu mirefu, kifua kilichoshuka na tumbo lililobana. Ganjoni, Mombasa, haonekani kila siku. Anayemtaka awatazame wazazi wake kwanza, asidanganywe na wembamba, maana koko mwenye njaa naye ni mwembamba.

Ndani ya nyumba hulala kutwa, tabia inayomfaa mkaaji wa ghorofa. Nje, paka akikatiza tu, keshatimka. Kola iwe pana na ya kubana anapovuta: kichwa chake ni chembamba, na kola ya kawaida humchomoka. Atembezwe alfajiri, kabla lami haijapata moto, kuelekea ufukwe wa Mama Ngina. Kwa majirani Waislamu wa madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichoramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kwa hiyo mfugaji muungwana hamwachi huru kwenye ngazi za watu.

Achanjwe kichaa cha mbwa kila mwaka. Kabla ya upasuaji, daktari wa mifugo aelezwe nasaba yake, kwani mbwa wa jamii hii hukawia kuzinduka kwa baadhi ya dawa za usingizi.