Stiaringi ya Subaru Yako Imelewa? Hivi Ndivyo Alainmenti ya Impreza ya Kitambo Hupangwa

Msee wa "vrrr paah", hii ni yako. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8, kwa hivyo Impreza WRX za 2000 hadi 2007 unazoona barabarani zimekula matuta na mashimo yetu kwa miaka mingi. Stiaringi inakaa kando, ndai inavuta upande, tairi zinaisha ndani. Kabla hujamwaga doh kwa springi fupi na rimu mpya, cheki alainmenti.

Vitu vitatu vya kujua

Tou ni vile tairi zinaangalia ukiziona kutoka juu. Zikielekeana mbele kama miguu ya njiwa, hiyo ni tou ya ndani. Zikiachana, ni tou ya nje. Hii ndiyo inakula tairi haraka zaidi ikikosea.

Kemba ni vile tairi imelala ukiangalia gari kutoka mbele. Juu ikiingia ndani, kemba ni hasi. Kemba hasi kidogo husaidia tairi kushika lami kwa kona. Ikizidi, unachoma ukingo wa ndani.

Kasta ni mlalo wa mhimili wa stiaringi ukiangalia gari kutoka ubavuni. Ndiyo hufanya stiaringi irudi katikati yenyewe ukimaliza kona. Kwa Impreza hizi, kasta haina pa kurekebishiwa kutoka kiwandani. Kama upande mmoja uko mbali na mwingine, kuna kitu kimepinda au bushi imekufa, na mashine haitakusaidia.

Anza na vitu vilivyochoka

Hapa ndipo wengi huliwa pesa. Kupima gari lenye bushi zimekwisha ni kazi bure, kwa sababu vipimo vitahama ukifika tuta la kwanza.

Inua mbele na jeki, weka stendi, shika tairi saa 3 na saa 9, kisha uitikise. Ikicheza, shuku tairodi. Shika saa 12 na saa 6. Ikicheza, shuku beringi au boljointi. Mwambie fundi acheki pia bushi za stiaringi raki, bushi za mikono ya chini na shokabzoba zinazovuja. Badilisha kilichokufa kwanza. Kisha jaza upepo kulingana na stika iliyo kwa mlango wa dereva. Kama unataka kushusha gari, lishushe sasa, maana kushusha hubadilisha kemba na tou.

Mpangilio wa kazi

1. Nyuma kwanza. Tou ya nyuma hurekebishwa kwa bolti zenye kichwa cha mviringo usio sawa kwenye mikono ya nyuma. Bolti hizi hushikwa na kutu, na fundi mvivu ataziruka. Usikubali. Nyuma ikiangalia kando, ndai inatembea kama kaa, na lazima ushike stiaringi imepinda ndio uende moja kwa moja. Kemba ya nyuma haina marekebisho ya kiwandani.

2. Kemba ya mbele. Kwa kawaida huwa kwenye bolti ya juu inayounganisha shokabzoba na nako ya gurudumu.

3. Tou ya mbele mwisho. Ukigusa kemba, tou inahama, ndio maana hii hufungwa mwisho. Stiaringi inyooshwe na kufungwa isisogee, kisha tairodi zote mbili zirekebishwe.

Namba za kuanzia

Kwa gari la barabarani linalopenda kona, kemba ya mbele kati ya -1 na -1.5 digrii inatosha, na pande mbili zisipishane zaidi ya nusu digrii. Tou ya mbele iwe sifuri. Ya nyuma iwe sifuri au ndani kidogo sana, ndio mkia utulie ukiwa kasi. Kama kazi yako ni barabara kuu tu na unataka tairi zidumu, baki na vipimo vya kiwandani.

Kwa garage, usidanganywe

Itisha karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Hakuna karatasi, hakuna malipo. Angalia namba za magurudumu yote 4, si mbele pekee.

Ukitoka, jaribu mahali tambarare. Kumbuka barabara zetu huinama kidogo kushoto ili maji yatoke, kwa hivyo gari kusogea kushoto polepole ni kawaida. Likivuta kwa nguvu, badilishana tairi za mbele kushoto na kulia, kama si zile za mwelekeo mmoja. Mvuto ukihama upande, shida ni tairi.

Lini urudi

Pima kila mwaka, au mara tu ukigonga shimo la maana. Pia pitisha kiganja juu ya tairi kila wiki. Ukihisi meno kama ya msumeno, tou imetoka. Ukingo wa ndani ukianza kuonyesha nyuzi, egesha hiyo ndai, buda. Tairi ya hivyo ikipasuka ukiwa 110 kwa Thika Road, hakuna stiaringi itakuokoa.