UZI: Nani hupima kazi ya serikali? Kutoka 1965 hadi kandarasi za utendakazi

1/ Kila msimu wa siasa utasikia huyu akisema, "Tumetimiza asilimia 80 ya ahadi," na yule akijibu, "Hakuna kitu mmefanya." Wote wana takwimu. Lakini kipimo kilitungwa na nani, na nani alisahihisha mtihani? Historia yetu ina jibu. Twende polepole.

2/ Tuanze 1965. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka huo ulitoa mwongozo wa mipango ya nchi iliyokuwa imepata uhuru juzi tu. Kipimo chake kilikuwa faida: pesa za maendeleo zipelekwe pale zitakapozaa zaidi, yaani penye ardhi nzuri, mvua ya kutosha, barabara, reli, na watu walio tayari kwa maendeleo.

3/ Kwa karatasi, iko sawa. Lakini mfugaji wa kaskazini hakuwa na mvua wala reli. Alifeli mtihani kabla hajaketi. Asiye na barabara hapewi barabara kwa sababu hana barabara!

4/ Katiba ya 2010 ilijaribu kuziba pengo hilo. Kifungu 204 kiliunda Hazina ya Usawazishaji: nusu asilimia ya mapato ya taifa kila mwaka, kwa miaka 20, iende kwa maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Kwa hivyo ukisikia mtu anasema vipimo ni mambo ya wataalamu tu, mkumbushe: kipimo huamua nani atachimbiwa kisima.

5/ Tuje miaka ya 80. Mashirika mengi ya serikali yalikuwa mzigo kwa hazina. Wazo likaja: shirika litie sahihi na serikali, liseme litafanya nini. Ufaransa ilikuwa imeanza mtindo huu baada ya Ripoti ya Nora ya 1967. Hapa kwetu, Shirika la Reli lilitia sahihi 1989, Bodi ya Nafaka na Mazao 1990.

6/ Zote mbili hazikufika mbali. Nia ya kisiasa haikuwepo, na aliyefanya vyema hakutuzwa chochote. Sahihi peke yake haisukumi treni.

7/ Jaribio la pili lilikuja baada ya uchaguzi wa 2002, chini ya mkakati wa kufufua uchumi wa 2003 hadi 2007. Mwaka 2004, mashirika 16 yalitia sahihi kandarasi za utendakazi kwa majaribio. Baadaye zikafika kwa wizara na mabaraza ya miji.

8/ Inafanya kazi hivi: mwaka wa fedha unapoanza, taasisi inajadiliana na serikali kuhusu malengo, na kila lengo linapewa uzito wake. Mwaka ukiisha, taasisi inajipa alama kwanza, kisha wataalamu wa nje wanakagua. Halafu gredi inatoka, na wakubwa wakaanza kupangwa foleni kama matokeo ya KCSE.

9/ Tuwe wakweli, kuna kilichobadilika. Zile mbao ukutani zinazosema huduma fulani ni siku ngapi na ada yake ni ngapi zilienea wakati huo. Ukiambiwa "njoo kesho", unaweza kuonyesha karani ukuta wake mwenyewe. Kabla ya hapo ungeonyesha nini?

10/ Lakini shida iko hapa: anayepimwa anakaa mezani kutunga mtihani. Ni rahisi kuweka lengo la chini ulipite. Na ni rahisi kuhesabu kilicho karibu: mikutano mingapi, semina ngapi, bajeti imetumika asilimia ngapi. Zahanati inaweza kujengwa, kupakwa rangi na kuhesabiwa "imekamilika" bila muuguzi wala dawa. Fomu imejaa. Mama mjamzito bado anapanda boda kwenda hospitali ya mbali.

11/ Ndiyo maana mfumo wa kutathmini walimu ulipoanza 2016, vyama vyao vilipinga. Mwalimu alilalamika kwamba muda wa darasa unaliwa na makaratasi. Mzazi naye alitaka kujua kama mtoto anafundishwa. Wote wawili walikuwa na hoja.

12/ Leo kaunti pia zimo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inadai mpango jumuishi wa maendeleo wa miaka mitano, na pia mpango wa kupima utendakazi. Kando na hayo, Kifungu 229 cha Katiba kinamtaka Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aseme kama pesa zilitumika kisheria NA kwa njia iliyoleta matokeo. Huyu hajadiliani na anayempima.

13/ Kwa hivyo ukirushiwa asilimia kwa mkutano, uliza matatu: Lengo lilikuwa nini mwanzoni, kabla ya kazi? Nani alitoa alama? Mwananchi alipata nini mkononi? Kifungu 35 kinakupa haki ya kuomba habari hizo, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaeleza namna.

14/ Sasa fungua mpango wa kaunti yako, chagua mradi mmoja wa wadi yenu, uende uuangalie kwa macho. Tuambie hapa chini umepata nini. Hoja karibu, matusi hapana.