Kabini: Dirisha Linauzwa, Mrama Hautajwi

Jirani yangu hapa Membley, Ruiru, ni muuguzi mstaafu. Kiingereza amekitumia wodini zaidi ya miaka thelathini, hakimbabaishi. Jioni moja alipiga hodi, simu mkononi, miwani kaipandisha hadi kwenye kipaji cha uso. Kifungua mimba wake, binti, yuko Texas, na watoto wote wamechanga ili wazazi wakatembee baharini siku saba: wapandie meli Galveston, washuke Cozumel kidogo, warudi. Viza zipo, ndege imelipiwa. Kilichobaki ni wazee wenyewe kuchagua pa kulala, na kwenye simu palikuwa na majina manne na bei nne.

"Mwalimu, maneno haya nayasoma yote," akasema. "Lakini sijui nanunua nini."

Mfasiri kama mimi akiulizwa hivyo hana pa kukimbilia. Angetaka tu kujua neno fulani linaitwaje kwa Kiswahili, ningemjibu nikarudi kwenye chai yangu. Yeye alitaka jina limwambie kitu kilivyo, na hiyo ndiyo kazi ambayo istilahi nyingi huikwepa.

Tulianzia kwenye jina la kitu chenyewe. Kwa Kiingereza ni cabin, neno lenye asili ya Kilatini, capanna, yaani kibanda. Kwa hivyo tafsiri aminifu kuliko zote ingekuwa "kibanda cha meli". Jaribu kumwambia mtu wa Ruiru kwamba umelipia kibanda melini uone kama hatakuuliza chapati wanauza pesa ngapi. "Chumba cha meli" kinaeleweka, ila ni kipana mno: injini nayo ina chumba chake melini, na nyama iliyogandishwa vilevile. Mimi nimebaki na kabini. Dereva anayepeleka mchanga kwenye nyumba zisizokwisha za mtaa huu huita kabini pale anapoketi, na ndani ya ndege neno limeshazoeleka. Kwenye lori ni pa kuendeshea na kwenye meli ni pa kulala, lakini hakuna atakayechanganya lori na meli.

Kulikuwa na mgombea mwingine aliyenivutia. Waarabu chumba cha melini wanakiita qamra, neno la ukoo mmoja na camera ya Kilatini, ambayo ni chumba tu. Tungeweza kusema "kamra" na likakaa vizuri kinywani. Tatizo ni kwamba mama huyu alikuwa tayari ameshika kamera mkononi, ndani ya simu yake, na kamera hiyo imepata jina kutoka kwenye chumba hichohicho: camera obscura, chumba cha giza chenye tundu dogo la kupitishia mwanga. Nilimweleza hayo kwa furaha ya mtu aliyekaa na kamusi kupita kiasi. Akanitazama. "Sasa hiki cha bei ya chini si ndicho hicho chumba cha giza?"

Ndicho. Aina ya kwanza katika orodha ni kabini ya ndani, isiyo na dirisha hata moja. Ukizima taa, saa sita mchana na saa sita usiku ni kitu kimoja. Wapo wanaoipenda kwa sababu hiyo, hasa walinzi wa zamu na wauguzi waliozoea kulala mchana. Mwaka 2011 meli ya Disney Dream ilianza safari zake ikiwa na kabini za ndani zenye kioo cha duara ukutani mfano wa dirisha. Kinachoonekana humo ni bahari halisi ya wakati huohuo, inayoletwa na kamera zilizofungwa nje ya meli. Kamera, basi, imerudi nyumbani kwao kuwaangazia wenyeji.

Kabla hatujaenda aina ya pili, mama akauliza kama hizi si daraja tu: la kwanza, la pili, la tatu. Swali hilo lina historia nyuma yake. Treni ya usiku ya Nairobi na Mombasa, ile iliyoachwa reli mpya ya SGR ilipokuja mwaka 2017, ilikuwa na vyumba vya wawili daraja la kwanza na vya wanne daraja la pili, na waliobaki walikesha kwenye viti. Liemba ya Ziwa Tanganyika, iliyoundwa na karakana ya Meyer huko Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, imebeba abiria kwa mpango kama huo: kabini za daraja la kwanza, za daraja la pili zenye msongamano zaidi, kisha viti na sitaha kwa wengine wote. (Karakana hiyohiyo ya Meyer leo inaunda meli kubwa za utalii. Ingefaa Kigoma wajigambe kidogo.) Na meli iliyoitwa Uganda, ya kampuni ya British India, iliyoanza kutoka London kuja pwani yetu mwaka 1952, iligeuzwa mwishoni mwa miaka ya 1960 kuwa meli ya safari za wanafunzi. Watoto walilala kwenye mabweni, watu wazima kwenye kabini, chombo kimoja.

Daraja, kwa maana hiyo, lilikupa kitanda, likakupangia pia unapokula, unapokaa na utakayezungumza naye. Katika meli nyingi za utalii za sasa, mwenye kabini ya ndani na mwenye roshani wanapanga foleni moja kwenye ukumbi wa chakula, wanaogelea bwawa moja, wanaangalia mchezo mmoja wa jukwaani. Tofauti yao inaanza mlango ukifungwa. Ndiyo maana nikakataa "daraja" na kusema aina. Kwa haki lazima niongeze kwamba daraja linarudi kimyakimya: baadhi ya kampuni, kama Norwegian na MSC, zina sehemu za meli zenye mlango wake, mkahawa wake na bwawa lake, kwa waliolipia kabini za juu kabisa tu. Hapo ukisema daraja hujakosea.

Aina ya pili ni kabini ya dirisha. Niliandika hivyo kwenye karatasi, kisha nikaongeza: dirisha la bahari. Neno hilo la pili si pambo. Meli ya Voyager of the Seas, ya mwaka 1999, ina kabini zenye madirisha yanayotazama barabara ya maduka iliyo ndani ya meli yenyewe. Dirisha lipo, ila unachokiona ni watu wakinunua saa. Halafu yapo madirisha yanayotazama bahari lakini mbele yake pananing'inia mashua ya uokozi, kubwa, ya rangi ya machungwa. Wauzaji waungwana huandika kwamba mandhari imezibwa na kupunguza bei. Mimi ningeandika "dirisha lililozibwa" bila haya, kwa sababu mnunuzi anataka kujua habari za dirisha, na mandhari ni neno la kalenda.

Aina ya tatu ndiyo iliyotugombanisha. Nilisema "kabini ya roshani".

"Roshani ni nini?"

"Ni balkoni."

"Si ungesema balkoni, Mwalimu."

Nilijitetea. Roshani ni neno la Mombasa, Lamu na Unguja, la miji iliyojua ghorofa za mawe karne nyingi kabla Ruiru haijajua lifti. Lina undugu na neno la Kiajemi lenye maana ya mwanga, na ukiliweka kando ya chumba cha giza cha bei nafuu, aina zote mbili zinaeleweka mara moja. Vitabu vinalitumia na watangazaji wanalitumia. Yeye akajibu kwamba mwenye nyumba yeyote kuanzia hapa hadi Kamakis akipangisha fleti hutangaza balkoni, hajawahi kusikia hata mmoja akitangaza roshani. Hapo alinishinda kwa upande mmoja. Katika makala nitaandika roshani na sitaomba radhi. Kwenye karatasi yake niliandika balkoni.

Lakini mfano wake wa fleti ulitusaidia kuliko kamusi. Hapa Ruiru kila mtu ameona balkoni inayotazama balkoni ya jengo la pili, karibu kiasi cha kuombana chumvi. Iko kwenye tangazo na imo kwenye kodi, na kazi yake ni kuanikia nguo. Meli nazo zinayo. Oasis of the Seas, iliyoanza safari mwaka 2009, ina bustani ya mimea halisi katikati yake, na kabini zenye roshani zinazoinamia bustani hiyo, roshani ikitazamana na roshani. Ukisoma neno hilo pekee ukalipa, unaweza kuvuka bahari mbili ukatazame pazia la mtu.

Ya nne nitaipita haraka, kwa sababu bei yake tuliicheka tu. Ni suite, neno la Kifaransa linalotaja vyumba vinavyofuatana. Likiandikwa "suti" linaangukia vazi la harusi, na cha ajabu ni kwamba maneno hayo mawili yana asili moja. Baharini vyumba hivyo mara nyingi ni kimoja kirefu chenye kochi upande mmoja. Nilipendekeza kabini ya sebule. Kinacholipiwa ni sebule, jina liseme hivyo.

Sasa, majina yote manne yanapima kitu kimoja: macho. Hakuna linalosema kabini iko sehemu gani ya meli, na kwa mtu wa miaka sitini na tano anayelevywa hata na matatu, hilo lina uzito kuliko dirisha. Hapa lugha yetu ina akiba ambayo orodha ile haina. Mabaharia wetu hawakutaja vyumba kwa madirisha, maana jahazi halikuwa nayo. Walitaja mahali: omo ni mbele, tezi ni nyuma, shetri ni ile sehemu ya nyuma iliyoinuka anapokaa nahodha, ngama ni chini kabisa yanakokusanyika maji. Methali ya kuenda tezi na omo na marejeo ngamani imeandikwa na watahiniwa wengi wa KCSE ambao ukiwapandisha chomboni ukawaambia wasogee tezi wataelekea mbele.

Na kuna mrama. Tunasema mambo yameenda mrama serikali inapokosa fedha au harusi inapovunjika, lakini chombo ndicho kilichokwenda mrama kwanza: kuyumba kwake katika mawimbi. Meli ndefu hupanda na kushuka mithili ya ubao uliowekwa juu ya gogo, miisho ikienda juu na chini sana, katikati ikitikisika kidogo. Ikiinama ubavu, sitaha za juu ndizo zinazosafiri mbali zaidi. Kwa hiyo mahali patulivu ni katikati ya meli, karibu na maji. Nilimweleza kwa matatu: ukikaa kiti cha nyuma kabisa, kila tuta linakurusha, ukikaa kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, unaweza hata kusinzia. Alitikisa kichwa kabla sijamaliza. Omo ina lawama yake nyingine, kwamba nanga ikishushwa alfajiri mnyororo wake huamsha jirani wote.

Akaniuliza juu na chini vilevile, swali la mtu aliyewahi kuishi fleti. Uangalie ramani ya sitaha, nikamwambia, nani yuko juu ya dari yako na nani yuko chini ya sakafu. Chini ya ukumbi wa chakula utasikia viti vikiburutwa kabla ya kifungua kinywa. Juu ya ukumbi wa muziki utalala wakilala.

Mwisho wa ukurasa, nje ya majina yale manne, palikuwa na bei ndogo kuliko zote, na jina lake la Kiingereza lilikuwa na neno linalofasiriwa dhamana. Hilo lilinitia hofu. Kwa masikio ya Kenya, dhamana ni ya mahakamani. Isitoshe, kinachodhaminiwa ni aina ya kabini peke yake. Nambari na sitaha kampuni itachagua baadaye, na hutaulizwa. Niliita kabini ya kupangiwa. Yeyote mwenye mtoto aliyeomba udaktari akapelekwa kozi nyingine chuo cha mbali anajua kupangiwa ni nini. Mama naye anajua. Mtoto wake wa tatu yalimfika.

Jambo la mwisho lilikuwa bei yenyewe, inayoandikwa kwa kila mtu kwa hesabu ya kabini moja watu wawili. Anayesafiri peke yake mara nyingi hudaiwa karibu sehemu ya mwenzake asiyekuwepo, ndiyo maana Norwegian Epic ilipozinduliwa mwaka 2010 na kabini 128 ndogo za mtu mmoja mmoja, zisizo na dirisha la nje, wajane na wasioolewa walizipenda. Jirani yangu alisema hilo halimhusu, ana mzee wake.

Akabonyeza simu akamwachia binti ujumbe wa sauti, nusu Gĩkũyũ nusu Kiswahili. "Usitafute balkoni. Tafuta ya katikati, chini, yenye dirisha la bahari, hiyo bahari usikie. Na usikubali ya kupangiwa."

Mzee wake, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote na kofia mkononi, ndipo aliposema neno lake la kwanza. Alitaka kujua kitanda ni kimoja au viwili. Nikamwambia kwa kawaida ni viwili vidogo, vikisukumwa pamoja vinakuwa kimoja, mhudumu anavipanga unavyotaka, mradi useme mapema.

Mama akabonyeza simu tena. "Vitanda viachane," akamwambia binti. "Baba yako anakoroma."