Mfuko wenye orodha: namna picha ya simu ilivyosimama mbele ya mahakimu wa Bukavu

Mwezi wa Septemba 2018, mahakama ya kijeshi ya Bukavu iliwahukumu wakuu wawili wa kundi la FDLR kifungo cha maisha. Kosa lilikuwa uhalifu dhidi ya binadamu: mauaji na mateso waliyotendewa wakaaji wa Kamananga na Lumenje, katika teritwari ya Kalehe, mwaka 2012. Watu wa Kivu Kusini wanaikumbuka kesi hiyo kwa ajili ya wahanga, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Lakini ndani yake kulikuwa na jambo lingine ambalo halikuzungumzwa sana. Kwa mara ya kwanza katika mahakama ya Congo, picha zilizopigwa kwa programu ya simu iitwayo eyeWitness to Atrocities ziliwekwa kati ya ushahidi.

Picha za vita si kitu kigeni hapa Kivu. Karibu kila simu inazo. Shida yake inajulikana na kila avoka: upande wa pili unasimama na kuuliza, nani anajua kama hii ni Kamananga na si Masisi? Ilipigwa mwaka gani? Imepita katika mikono ya nani tangu siku ile? Mpigaji akiwa amekimbia, au amekufa, picha inabaki bila mtu wa kuisemea.

Programu hiyo ilianzishwa mwaka 2015 na chama cha kimataifa cha wanasheria chenye makao London. Mtu akipiga picha nayo, simu inaandika saa, inaandika mahali kwa msaada wa satelaiti, inaandika minara ya simu iliyo karibu. Kisha inafanya jambo la nne, ambalo ndilo kiini cha habari hii: inalipigia faili hesabu na kutoa namba moja ndefu. Picha inatumwa kwenye ghala la kompyuta ambalo mpigaji mwenyewe hawezi kuingia kubadili kitu. Miaka ikipita na kesi ikifika, hesabu inapigwa upya. Namba ikitoka ile ile, picha ni ile ile. Ikitofautiana hata kwa tarakimu moja, kuna kilichoguswa.

Mafundi huiita hashi, au cheksamu. Kwa Kiswahili cha kila siku inaweza kuitwa alama ya kidole ya faili. Kompyuta inasoma faili lote, kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho, na kulifupisha kuwa mstari mmoja wa tarakimu na herufi. Ukibadili nukta moja tu katika barua ya kurasa mia, mstari wote unageuka. Na mtu akiuona mstari huo peke yake hawezi kujua barua ilisema nini.

Moja ya njia zilizoenea sana za kupiga hesabu hiyo, MD5, ilichapishwa mwaka 1992 na Ronald Rivest, mwalimu wa chuo kikuu cha MIT huko Marekani. Mstari wake una herufi 32. Iliaminiwa kwa miaka zaidi ya kumi, hadi mwaka 2004, watafiti wa China wakiongozwa na bibi Xiaoyun Wang walipoonyesha kwamba inawezekana kutengeneza mafaili mawili tofauti yenye alama moja. Ni kama kuwakuta watu wawili wenye kidole kimoja. Leo wanaojali ushahidi wanatumia SHA-256, yenye herufi 64, au SHA-512 yenye herufi 128.

Alama ya faili moja inatosha kwa picha moja. Je, picha elfu tano, sauti za mashahidi, na karatasi zilizopigwa skana, vyote vikihama pamoja kutoka mji mmoja hadi mwingine? Hapo watu wa ziwani wanaelewa kuliko wengine, maana wao wana manifesti. Boti ikitoka bandarini, majina ya abiria na hesabu ya mizigo vinapaswa kuandikwa, na nakala ibaki nchi kavu. Oktoba 2024 meli iliyotoka Minova ilizama ikiwa karibu kabisa kufika bandari ya Kituku, Goma, na hesabu ya waliokuwa ndani ikabishaniwa baadaye. Familia zilikuwa zikitafuta watu wao, na hakukuwa na orodha ambayo kila mtu angeikubali.

Wakutubi wa Marekani walikutana na shida hiyo hiyo, ingawa kwao hakuna aliyezama. Mwaka 2000 bunge la nchi hiyo lilitenga dola milioni 100 ili Maktaba ya Bunge mjini Washington itafute njia ya kuhifadhi vitu vilivyozaliwa ndani ya kompyuta: kurasa za intaneti, ramani, picha, sauti. Vyuo na maktaba za majimbo mengine zikaanza kutuma mizigo yao, mara kwa intaneti, mara kwa diski ndani ya sanduku la posta. Mzigo ukifika, mpokeaji alibaki akijiuliza. Je, vyote vimefika? Hakuna kilichoharibika njiani? Na hiki hapa, ni cha mzigo huu au kiliingia kwa bahati mbaya?

Jibu lao, lililoandikwa kati ya 2007 na 2008 na Maktaba ya Bunge pamoja na maktaba ya kidijitali ya California, liliitwa BagIt, yaani litie mfukoni. Wazo lilikuwa limetajwa mwaka 2005 na watafiti wa Japani: funga mzigo, uandike lebo, ndipo uukabidhi kwa mwingine autunze. Na mfuko wenyewe ni kitu rahisi hadi kuchekesha. Ni folda. Ndani yake kuna folda nyingine iitwayo data, na humo ndimo mali inakaa. Pembeni kuna faili dogo la maneno linalosema huu ni mfuko wa BagIt, toleo fulani. Halafu kuna orodha, nayo inaitwa kwa jina lile lile la ziwani, manifesti: kila mstari una alama ya kidole na jina la faili moja. Anayetaka anaongeza karatasi ya maelezo: nani ametuma, lini, mfuko una mafaili mangapi na uzito gani.

Hakuna programu ya kununua. Orodha imeandikwa kwa maneno ya kawaida, na mtu wa miaka hamsini ijayo mwenye kompyuta ya aina isiyojulikana bado ataweza kuifungua na kuisoma. Hilo lilifanywa kwa makusudi, na pengine ndilo jambo la akili kuliko yote katika kazi yao. Wengi walitengeneza masanduku mazuri yenye kufuli, kisha kampuni ya kufuli ikafa na ufunguo ukapotea pamoja nayo.

Ukaguzi una ngazi mbili. Mfuko unasemwa umetimia ikiwa kila kilichoandikwa kwenye orodha kimo, na hakuna kilichomo ambacho hakikuandikwa; abiria wa kujipenyeza anaonekana. Mfuko unasemwa ni halali ikiwa, juu ya hayo, kila alama imehesabiwa upya na kulingana. Upo hata mfuko wenye matundu: baadhi ya vitu havimo, lakini kuna karatasi inayosema vikachukuliwe wapi. Kanuni hizi zilizunguka kama rasimu kwa miaka kumi hivi, zikatangazwa rasmi kuwa toleo la kwanza Oktoba 2018, mwezi mmoja tu baada ya hukumu ya Bukavu. Kazi hizo mbili hazikuwa na uhusiano wowote.

Hata hivyo kuna kosa ambalo wengi hulifanya wakisikia habari hizi, nalo ni kudhani orodha inazuia wezi. Haizuii. Mtu mwenye nia mbaya akiushika mfuko wote, anabadili picha, anapiga hesabu mpya, anaandika alama mpya kwenye orodha, na mfuko unakaguliwa na kuonekana halali kabisa. BagIt ilitengenezwa kwa ajili ya ajali: diski iliyochoka, umeme uliokatika katikati ya kunakili, mkono uliofuta bila kujua. Dhidi ya hila dawa ni ya zamani kuliko kompyuta: nakala ya orodha ikae mbali na mzigo, mkononi mwa mtu mwingine. Ndiyo maana picha za kesi ya Kalehe zilikuwa na uzito. Alama yao haikukaa na wachunguzi walioleta picha mahakamani.

Congo ilijifunza zamani thamani ya orodha inayokaa kwa mwingine. Mwaka 1908, Mfalme Leopold wa Pili alipokuwa karibu kuikabidhi nchi kwa serikali ya Ubelgiji, nyaraka za utawala wake zilichomwa moto mjini Bruxelles. Inasimuliwa kwamba tanuri ziliwaka siku nane. Hakuna orodha iliyobaki ya kusema ni nini kilichochomwa. Maneno ya Wakongomani waliosimama mbele ya tume ya uchunguzi ya 1904 na 1905 yalinusurika, lakini yalifungiwa, na hayakufunguliwa kwa wasomaji hadi miaka ya 1980. Wajukuu wa wale mashahidi walizeeka bila kujua kwamba maneno ya babu zao yalikuwa yameandikwa.

Leo nyaraka za familia nyingi za wahami zimo ndani ya simu. Vita vilipofika Goma Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, watu waliokuwa tayari wamekimbia mara moja walikimbia tena, na kilichobaki mfukoni kilikuwa simu: picha ya kadi ya uchaguzi, cheti cha ubatizo, diploma ya mtoto, hati ya shamba, jetoni ya msaada. Ili zisipotee, wengi hutumia njia moja, kumtumia ndugu kwa WhatsApp. Ni afadhali kuliko kutofanya kitu. Lakini WhatsApp ikituma picha kama picha huibana ipungue uzito, na kuondoa tarehe na mahali vilivyoandikwa ndani yake. Kinachomfikia shangazi kule Uvira kinafanana machoni, ila ni faili lingine, na alama yake haitalingana kamwe na ya kwanza. Mihuri midogo ya hati za ardhi ndiyo huwa ya kwanza kutosomeka. Ukiituma kwa njia ya hati, yaani pale panapoandikwa dokimenti, inafika jinsi ilivyo.

Kwenye sekretaria za mtaani, ambako watu hupiga fotokopi na skana, kompyuta karibu zote zinaweza kutoa alama ya SHA-256 bila programu ya kuongeza. Ni amri moja ya kuandika. Kwa karatasi kumi za familia orodha nzima inajaa nusu ya ukurasa. Inaweza kuandikwa kwa kalamu kwenye daftari, ikaachwa kwa mtu anayeaminika ambaye hana mafaili yenyewe: parokiani, kwa mjomba aliyebaki kijijini, kwa jirani aliyevuka kwenda Bujumbura. Folda iwe na nakala mbili sehemu mbili, na angalau mara moja kwa mwaka hesabu ipigwe upya, maana kadi ya simu inaweza kuanza kuharibu mafaili kimya kimya, na aliyegundua mapema bado ana nakala ya pili ya kunakili kutoka kwake.