Kuimba kwa Lugha ya Jirani

Tarehe 10 Desemba 1962 Mwalimu Nyerere, Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, aliliarifu Bunge kwamba ameunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alisikitika kuwa wasomi walizijua dansi za kigeni kuliko ngoma za kwao. Ngoma zikapata heshima shuleni na vyuoni. Na kwa kuwa wanafunzi walipangwa mbali na makwao, Mmakonde akajikuta anaimba Kihaya, na Mhaya anaimba Kigogo, pengine bila kuelewa hata neno moja.

Kabla ya kustaafu na kutulia hapa Buhembe, nilifundisha chuo cha ualimu miaka mingi. Wageni waliyaandika maneno ya nyimbo daftarini kwa mazoea ya Kiswahili, na hapo ndipo Kihaya kilipoumia. Tusemapo mtu na watu, Mhaya husema omuntu na abantu. Wageni waliidondosha irabu ile ya mwanzo, mizani ikapungua, wakaijaza kwa "ee" na "haa". (Washairi mnaijua hila hiyo.) Isitoshe, Kihaya ni lugha ya toni, nasi tumezoea kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mwanachuo mmoja aliposikia enanga, jina la zeze la Wahaya na la tenzi ziimbwazo nalo, alidhani wanasifu nanga ya meli, maana ziwa liko karibu!

Hilo lilichekesha. Lililofuata halikuchekesha. Katika mahafali moja kwaya iliimba, kwa vigelegele na kasi ya ajabu, wimbo waliourithi kwa wenzao. Mhaya aliyeufundisha alikuwa amekwisha kuhitimu. Bibi mmoja mgeni wetu alimwita kiongozi wao, akamwuliza kwa upole, "Mwanangu, mmefiwa na nani?" Ulikuwa wimbo wa msiba.

Unguja nako, taarab iliyoingia kasri ya Sultan Barghash (1870–1888) iliimbwa kwa Kiarabu, na wasikilizaji wengi waliambulia mahadhi tu. Siti binti Saad aliwapa maana kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akarekodi santuri Bombay. Sisi njia hiyo haikutufaa: wimbo wa Kihaya ukitiwa Kiswahili, toni zake hubaki nyuma, na mwenye wimbo haitambui tena sauti ya nyumbani. Siafiki pia wasemao asiyejua lugha asiimbe. Wangekuwa wametawala wao, kila kabila lingejiimbia lenyewe.

Baada ya mahafali yale niliweka sharti: kabla ya mazoezi, kila mwimbaji ausimulie wimbo kwa Kiswahili, kisha auimbe kwa lugha yake, irabu zote zikiwamo. Daftari la kwaya ninalo bado. Kushoto Kihaya, kulia maana yake. Na juu ya wimbo ule wa msiba mwanachuo fulani kutoka kusini ameandika kwa penseli: polepole.